Hakuuliza Mara ya Tatu

"We mjinga wewe! Kufa sasa hivi? Sasa hivi kweli?"

Aila Rautio aligeuka kwa ukali akidhani anatukanwa yeye. Kumbe mwanamume aliyebanana naye bega kwa bega kwenye ukingo wa mfereji alikuwa anaitukana kamera. Kamera yenyewe ndogo, ya kutia mfukoni, naye ameishika kwa mikono mitupu iliyoiva kwa baridi.

Nusu ya mji wa Duluth, kaskazini kabisa mwa Marekani, ilikuwa pale. Meli ya mwisho ya msimu ikiingia, sisi huku hatukai ndani, hata baridi iwe ya kukata masikio. Watoto walikuwa mabegani mwa baba zao, vikongwe kwenye viti vya kukunja, mbwa wamevishwa viatu. Daraja lilishainuliwa juu. Kule nje ziwa lilikuwa linafuka mvuke kama sufuria, na ndani ya mvuke huo meli ndefu kuliko mtaa mzima ilikuwa inasogea, imevaa barafu kuanzia pua hadi milingoti.

"Haijafa," Aila alimwambia. "Imezimia."

"Nani?"

"Betri yako. Imezimia kwa baridi. Itoe uitie kwapani."

"Niitie wapi?"

"Kwapani, kaka. Chini ya shati, kwenye ngozi."

Mwanamume akamtazama vizuri. Alikuwa na macho ya kahawia yanayocheka hata akiwa na hasira, ndevu fupi zilizoshika vipande vya barafu, na koti jembamba la mtu aliyelinunua mahali ambapo baridi ni hadithi tu.

"Dada, sikujui, hunijui, na tayari unataka nivue nguo?"

Aila akaona mashavu yanamwaka. Akavua glavu yake moja, akapenyeza mkono ndani ya sweta lake la kijani, akatoa betri na kumkabidhi. "Kamera zetu ni ndugu, aina moja. Hii ni yangu ya akiba. Wahi, meli itakupita."

Mwanamume akaishika betri, akainua nyusi. "Ina joto."

"Ndiyo maana inafanya kazi."

"Ilikuwa kwa—"

"Piga picha, bwana!"

Akapiga. Meli ikapita karibu nao kiasi cha kuona kutu ubavuni mwake, ikapiga honi, daraja likaitikia kwa honi yake, watu wakashangilia. Kifua cha Aila kilitetemeka kwa ile honi kama kila mwaka. Alipoteremsha macho, jirani yake alikuwa ameshanuna tena.

"Tazama hii. Kijivu! Theluji nyeupe pepepe, naiona kwa macho yangu, halafu hii inanipa maji ya majivu."

"Kamera haiamini. Ikiona weupe mwingi namna hii inadhani imekosea, inaupunguza. Bonyeza hapa uongeze mwanga. Ongeza tena. Usiogope, bwana, theluji haikuumi."

Picha ya pili ilitoka nyeupe, na kivuli cha meli kikawa buluu juu ya barafu. Mwanamume alipiga kelele ya furaha hadi mbwa wa jirani akabweka. Akajitambulisha hapo hapo. Aliitwa Landry Fontenot, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Louisiana, kule kusini kwenye joto. Amekuja na mafundi wenzake kutengeneza meli zinapolala bandarini wakati wa barafu. Theluji alikuwa ameiona kwa mara ya kwanza wiki hiyo hiyo, na mama yake alikuwa amemwagiza picha za kutundika ukutani.

"Mimi Aila. Nipo duka la miwani pale juu ya kilima."

"Aila, umeniokoa. Nikununulie kahawa?"

"Aa, asante, usijisumbue."

"Haya basi," Landry akasema, uso ukimshuka. "Siku njema." Na akaanza kuondoka!

Sasa hapa lazima niwaeleze, maana ndipo mambo yote yalipoanza kwenda kombo. Sisi watu wa huku ukitukaribisha kitu tunakataa. Ukitukaribisha tena tunakataa tena, kwa upole zaidi. Mara ya tatu ndipo tunasema, haya, kama unasisitiza, kidogo tu. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi, na mtu anayekaribisha mara moja tu ni kwamba hakukusudia. Tumelelewa hivyo, na hatujui hata kama ni desturi. Tunadhani dunia nzima ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo Aila alisimama pale kinywa wazi, akimwona mwanamume mwenye macho yale anayeyuka ndani ya watu.

"Betri yangu!" akapiga ukelele.

Landry akarudi mbio akiomba radhi. Aila akaipokea, akaitazama, akasema kama mtu anayezungumza na betri, "Kama hiyo kahawa ungekunywa mwenyewe, naweza kukaa tu karibu."

Alikunywa vikombe viwili.

*

Toka siku hiyo simu ya Landry haikuwa na raha.

"Amka! Ziwa linafuka!"

"Bibie, hata jogoo wa huku bado wamelala."

"Jogoo hawapigi picha. Vaa soksi mbili mbili, niko mlangoni."

"Unanitesa, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Nimesema unanitesa."

"Baada ya hapo."

"Njoo karibu nikwambie, simu ina baridi."

Wakaenda ufukweni upande wa mashariki, ambako upepo unavunja barafu ya ziwa na kuirundika kama vioo vya dirisha, buluu hadi ndani, vikigongana kwa sauti ya vijiko. Wakaenda kwenye misonobari iliyolemewa mpaka matawi yanagusa chini. Aila alilala kifudifudi kwenye theluji, kamera yake ndogo karibu na pua, akisubiri jua litoe ulimi. Alimfundisha Landry kwamba theluji haipendezi adhuhuri, inataka jua la pembeni ili kila kituta kipate kivuli chake. Alimnunulia kofia ya sufu ya rangi ya chungwa, ile wanayovaa wawindaji wasipigane risasi, maana masikio yake yalikuwa yanamtia huruma.

"Haya, nenda kasimame pale mbali."

"Mimi mpiga picha au mti?"

"Wewe kipimo. Theluji bila mtu haina ukubwa. Atakayeona picha hatajua hiki ni kilima au kichuguu."

"Kwa hiyo kazi yangu kwenye maisha yako ni rula."

"Rula nzuri. Sogea kushoto."

Na Landry naye alimpikia. Chumba chake cha kupanga juu ya duka la baiskeli kilijaa harufu ya mchuzi mzito wa bamia na soseji, wali pembeni. Aila, ambaye kwao pilipili manga ndiyo mwisho wa ujasiri, alikula kijiko kimoja akatoka machozi, pua ikamwagika, akaendelea kula. Landry alicheka mpaka akakaa chini. Alimfuta machozi kwa kona ya shati lake, na hapo ndipo walipobusiana kwa mara ya kwanza, midomo yote miwili ikiwaka moto.

"Hii ndiyo mnayoita chakula?" Aila aliuliza alipopata pumzi.

"Hii tunaita karibu nyumbani."

Jumapili moja Aila akampeleka kwa dada yake, Kaija, msusi mwenye mdomo wake, aliyeolewa na mvuvi mkimya aitwaye Eero. Walikuwa wametoka kupiga picha na kamera zimeganda, kwa hiyo Aila alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki wa mkate kabla ya kuingia ndani, zipate joto polepole. Landry, kwa hamu ya kuonyesha kazi yake, akaichomoa yake hapo hapo mezani.

"Irudishe!" Aila akapiga kelele. "Irudishe mfukoni!"

Lakini lenzi ilishazibwa na ukungu, na skrini, na hata mwili wa kamera ulikuwa unatoka jasho. "Inalia," Landry akasema kwa huzuni, na hata Eero, ambaye hucheka Krismasi na Pasaka tu, akacheka.

Kaija akaleta mkate wa iliki uliosukwa kama nywele. "Landry, utakula kipande?"

"Nitakula. Nipe kikubwa, dada, mkate unanukia kama peponi."

Kisu cha Kaija kikasimama hewani. Eero akaacha kutafuna. Halafu Kaija akakata kipande kikubwa kuliko vyote, lakini huko jikoni alimbana mdogo wake kwenye jokofu. "Amekubali mara ya kwanza! Kalelewa wapi huyu?"

"Louisiana."

"Maskini. Nampenda."

"Hata mimi," Aila akasema, na akashtuka kusikia limemtoka.

*

Machi ilipokaribia kwisha, meli ya kuvunja barafu ilianza kuzunguka bandarini, na usingizi wa Aila ukaanza kukatika. Kila mpasuko wa barafu ulimwambia kwamba meli zitaondoka, na mafundi nao wataondoka. Hakumuuliza Landry kitu. Wala asingeuliza. Alisubiri aulizwe.

Jioni moja walikuwa juu ya kilima, wanapiga picha ya bandari kwa ule mwanga wa buluu baada ya jua kuzama, wakati theluji inawaka yenyewe. Landry alishusha kamera yake.

"Msimamizi ameniambia kuna nafasi karakana. Ya kudumu. Anataka jibu Ijumaa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nibaki?"

Moyo wa Aila ulimlipuka. Baki! Baki, baki, baki! Lakini mdomo wake ulikuwa umelelewa Duluth.

"Usijisumbue kwa ajili yangu," ukasema.

Landry akamkazia macho. "Una hakika? Nakuuliza kweli, Aila."

"Mama yako yuko peke yake kule. Na kuna joto. Mimi nitakuwa sawa tu." Akatabasamu, akasubiri. Sasa, akawaza. Sasa hivi ataniuliza, na nitasema ndiyo, na nitamrukia shingoni, kamera ikianguka na ianguke.

Landry akageukia bandari. "Sawa," alisema. "Nimesikia."

Akaitia kamera mfukoni, akatangulia kwenye gari. Aila akamfuata miguu mizito. Ataniuliza garini, akajipa moyo. Ataniuliza kwenye taa za barabarani. Taa zikawa nyekundu, zikawa kijani. Walipofika mlangoni kwake Landry alimbusu kwenye paji la uso, kama mtu anayembusu shangazi, akaenda zake.

Hakuuliza.

Siku zikapita bila simu. Ijumaa ikapita. Jumamosi simu ikalia na Aila akaidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Nimeona nikuage," Landry alisema. "Nimesaini na meli moja. Nitasafiri nayo hadi Cleveland nikimalizia kazi za ndani, halafu nateremka nyumbani. Tunaondoka kesho kutwa."

"Hivyo tu? Ndivyo unavyoondoka?"

"Nilikuuliza, Aila. Nikakuuliza tena. Ulisema hapana." Akavuta pumzi. "Mama yangu amenifundisha, mwanamke akisema hapana, ni hapana. Usimsumbue, usimbembeleze mpaka achoke. Vaa kofia yako uende."

Aila aliibana simu sikioni. Alikuwa na hasira naye, na hasira na mama yake, na hasira zaidi na ule ulimi wake mwenyewe. Na unajua alichosema?

"Basi mama yako amekufundisha vizuri. Safari njema."

Akakata, akajitupa kitandani, akalia mpaka mto ukaloa.

*

Jumatatu dukani mwenye duka, mzee Halvorsen, alimwomba kama kila mwaka achague picha moja ya theluji ya kuweka dirishani. Aila akachomeka kadi kwenye kompyuta. Akapita vioo vya barafu, misonobari, mvuke wa asubuhi, mto uliofunikwa. Na kila picha, kila moja, ilikuwa na tone la rangi ya chungwa. Mahali pengine dogo kama punje ya mtama. Akafungua picha za mwaka uliopita, alizokuwa akijivunia. Zilikuwa nzuri, safi, na hakuna mtu ndani yake. Huwezi kujua unatazama kilima au kichuguu.

"Hizi za mwaka huu bora," mzee Halvorsen alisema nyuma yake. "Zamani nilikuwa nasikia baridi nikizitazama."

Aila akachukua koti lake, hata ruhusa hakuomba, akashuka kilima mbio hadi saluni ya Kaija. Dada yake alikuwa anamwosha mteja nywele.

"Anaondoka leo," Aila akasema, akihema.

"Na hakukuomba ubaki naye? Abaki? Lolote?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbili tu!" Kaija aliachia bomba, maji yakamwingia mteja sikioni. "Mshenzi gani huyo! Mbili ni salamu!"

"Mbili?" mteja naye akadakia kutoka kwenye beseni. "Marehemu mume wangu aliniuliza mara nne, na ilikuwa kuhusu sandwichi."

Halafu Kaija akainua mikono iliyojaa povu. Uso ukambadilika. "Ngoja. Huyu si yule wa mkate? Aliyesema nipe kikubwa?"

"Ndiye."

"Aila, mdogo wangu. Yule akisema ndiyo ni ndiyo. Anadhani na wewe ukisema hapana ni hapana. Hajakukataa. Amekutii!"

"Najua! Nimelijua leo!"

"Sasa unafanya nini saluni kwangu? Nywele zako hazina shida. Mficha uchi hazai, kimbia!"

Akakimbia. Ufukweni watu walishajaa tena, maana meli ya kwanza kutoka ni sikukuu kuliko ya mwisho kuingia. Aila alipenya kwa viwiko, samahani, samahani, samahani, mpaka akafika ukingoni. Daraja lilikuwa juu. Meli ilikuwa tayari ndani ya mfereji, ubavu wake mwekundu ukipita kama ukuta unaotembea, na pale juu, nyuma, karibu na ngazi, kulikuwa na kofia ya rangi ya chungwa.

"Landry!" alipiga kelele. "Landry! Baki!"

Kofia ikageuka. Alimwona. Alikuja mbio hadi kwenye kizuizi, akatia mkono sikioni. Aila akavuta pumzi ya mapafu yote mawili, na ndipo nahodha, kwa furaha ya msimu mpya, akapiga honi. Ndefu. Halafu mbili fupi. Daraja likaitikia. Aila alikuwa anapayuka na hajisikii hata mwenyewe. Honi ilipokata, meli ilishatoka nje ya mfereji, na Landry alikuwa ameinua mkono, polepole, kama watu wanavyoaga.

"Basi," Aila akasema. "Imekwisha."

"Imekwisha wapi?" mzee mmoja kwenye kiti cha kukunja alimwuliza, darubini shingoni. "Inakwenda kupakia madini ya chuma bandari ya Two Harbors, hapo mbele tu pwani. Itakuwa gatini mchana wote. Pita njia ya ziwani, utaiacha nyuma hiyo."

Aila alimbusu mzee wa watu kipara.

Gari lake lilikuwa kuukuu lakini lilijua baridi. Akashika njia ya pwani, ziwa mkono wa kulia, na kule mbali, nyuma ya vipande vya barafu vinavyoelea, meli ikitambaa. Aliiona, ikafichwa na miti, akaiona tena. Alikuwa sambamba nayo. Akaipita! Akajikuta anacheka peke yake, machozi yanatiririka, na akabonyeza simu.

Iliita. Iliita. Ikapokelewa, na mngurumo wa injini ukajaa garini.

"Aila? Ulikuwa unasema nini pale? Ile honi—"

"Sisemi kwenye simu. Utashuka Two Harbors?"

"Naweza kutoka hadi langoni kidogo. Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Mimi! Nakuja!"

"Unaendesha? Barabara ina barafu, endesha polepole!"

"Usinifundishe barafu, mtu wa bamia wewe!"

*

Lango la gati ni waya na theluji iliyochafuka kwa vumbi la chuma. Aila alisubiri nje akirukaruka kupasha miguu moto, skafu nyekundu imemfunguka, nywele zake za ngano zimemtoka kila upande. Landry akaja ndani ya ovaroli zilizotapakaa rangi, buti nzito, kofia ile ile. Hakutabasamu. Alisimama mbali kidogo naye, mikono mifukoni, kama mtu anayejikinga.

"Haya, sema."

"Nilipokwambia usijisumbue, nilikuwa nataka ujisumbue."

"Sasa hapo mimi nielewe vipi?"

"Ulitakiwa kuuliza mara ya tatu."

"Mara ya... nani kasema?"

"Wote! Kila mtu! Unauliza, nakataa. Unauliza tena, nakataa. Unauliza mara ya tatu, nakubali. Ndivyo tulivyo, Landry. Mimi nilikaa nasubiri mpaka kwenye taa za barabarani."

Landry alimtumbulia macho. "Kwa hiyo ningeuliza mara moja zaidi..."

"Ningekurukia shingoni."

"Na ile kahawa ya kwanza?"

"Niliitaka kufa."

"Na nilipokupa koti langu kule ufukweni ukasema huna baridi?"

"Nilikuwa naganda."

"Aila!" Aligeuka akapiga waya teke, theluji ikadondoka. Alikuwa amekasirika kweli, na hakuificha hasira yake. "Siku zote hizi silali! Chakula hakipiti! Nimejiona mpumbavu niliyelazimisha mapenzi! Na ile kazi wamempa mtu mwingine, ujue. Kwa sababu ya desturi ya kahawa?" Sauti ikamkatika. "Siwezi kuishi hivyo. Nakupenda, lakini siwezi kukaa maisha yangu yote nahesabu hapana za mke wangu nijue ipi ni ya kweli."

Upepo ulivuma kutoka ziwani. Aila aliona kwamba hapa ndipo. Akikosea tena sasa, huyu anapanda ngazi ile na hamwoni tena. Ule mdomo wa kwao ukafunguka, tayari umeshika sentensi yake ya upole, samahani, nisikucheleweshe, rudi kazini. Akaufunga.

"Nakutaka," alisema. Ilimtoka kwa sauti kubwa mno, mlinzi wa lango akageuka. "Nakutaka wewe. Sitaki uende Louisiana. Ukienda nakuja huko. Kama kazi hakuna, tutakula samaki wa Eero mpaka ipatikane. Nakupenda, sikupendi kidogo, nakupenda sana, na nimechoka kusubiri kuulizwa. Nioe."

Hata mlinzi alikuwa ameacha kutafuna.

"Umesema nini?"

"Usinirudishe nyuma, nimeshasema! Nioe!"

"Nanuka rangi."

"Naisikia."

"Ndiyo," Landry akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo nitakuoa, mwanamke! Unataka nikatae kwanza?"

Akamnyanyua juu, buti za Aila zikaning'inia hewani, wakabusiana huku pua zao za barafu zikigongana. Kule juu ya meli mabaharia walikuwa wanapiga miluzi na kugonga vyuma. Walipoachana Landry alimshika mashavu. Lazima afike Cleveland, alisema, amesaini na neno lake ni neno. Halafu atarudi kutafuta kazi.

"Nije kukuchukua Cleveland?"

"Njoo," Landry akajibu, hata pumzi hakuvuta.

Kisha akatoa simu, akasema kuna mtu ambaye hatamsamehe asipoambiwa sasa hivi. Iliita mara moja tu.

"Mama. Kaa chini. Naoa."

Kelele iliyotoka kwenye simu ile iliwafikia hadi mabaharia. Ilipotulia, sauti nzito ya mwanamke wa makamo ikasema, "Ndiye yule wa picha za theluji? Nipe niongee naye mwenyewe."

Aila akaipokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja, nijibu bila kunizungusha. Unampenda mwanangu?"

Aila alihisi lile jibu la kwao linapanda kooni, lile la kusema tunaelewana tu vizuri. Akalitema kwenye theluji.

"Nampenda, mama. Nampenda mpaka naumwa."

"Haya, vizuri. Mbona namsikia analia?"

Aila akageuka. Kweli, Landry alikuwa ameegemea waya wa lango, kofia ameishusha machoni, mabega yanatikisika, na machozi yameshika barafu kwenye ndevu zake.

"Ni furaha, mama," Aila alisema, naye sauti imemvunjika. "Na mimi nalia."